Makoti Mawili na Pikapu ya Bibi Apolonia

Ijumaa iliyopita niliwakabidhi ufunguo wa karakana, mafundi wangu. Mkasi wangu mkubwa nikauacha kwenye msumari wake, na kigoda changu nikakiacha chini ya mashine. Sura zenu niliziona. Mlitaka hotuba. Nikasema nitaandika, mkacheka, kwa sababu miaka yote hiyo mmeniona nikiandika vitu viwili tu: vipimo kwa chaki, na majina ya wateja wanaosahau siku ya kuja kuchukua viti vyao. Basi haya hapa. Nani alipanda cheo lini na nani alilipwa nini, waulizeni waliokuwa wakihesabu. Mimi nilikuwa nashona, tena kwa furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka, vidole vinaanza kutafuta uzi.

Nilishuka mjini Moshi kutoka Uru nikiwa na miaka kumi na tisa, cheti cha ushonaji nilichopewa na masista kikiwa kimekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Nilijua sketi za shule na mashati ya Komunyo ya Kwanza. Karakana ya Mzee Rajabu ilikuwa nyuma ya stesheni ya reli: mabati machache, benchi moja refu, na mti wa mjohoro mlangoni. Asubuhi ile mlima ulikuwa umejifunua wote, mweupe kileleni, kama mtu aliyetoka kuoga. Kabla sijaona kitu nilisikia harufu: gundi, vumbi la sufi, na ngozi bandia iliyopikwa na jua. Nikajua hapo hapo kwamba kwenye sketi sirudi.

Mzee Rajabu alikuwa ndani ya lori, amelala chali, miguu tu ndiyo iko nje.

"Shikamoo mzee," niliisalimia miguu.

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Natafuta kazi."

Miguu ikatulia. "Kazi ya chai iko pale hotelini, ulizia mama mwenye hoteli."

"Chai sijui. Najua kushona."

"Unashona nini?"

"Sketi."

"Gari halivai sketi, binti."

Lakini alitoka. Mtu mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, misumari midogo midomoni kama mwingine anavyobana njiti. Akanionyesha kiti cha basi kilichochanika. "Kaa."

Nikakaa. Akaondoka. Akashona, akapiga nyundo, akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, nami bado nimekaa pale kama mzigo uliosahaulika na treni.

"Haya. Umeona nini?"

"Sijaona kitu, mzee."

"Sikuulizi macho. Makalio yako yameona nini?"

Uso ulinichoma. Nilikuwa mtoto wa masista! Lakini nilikuwa nimekaa muda wa saa tano, na jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia kuna springi inachoma kushoto, kwamba kiti kinanisukuma kulia, na kwamba aliyekuwa akikikalia siku zote lazima alikuwa mnene na alipenda kuegemea dirishani.

Mzee Rajabu akatema msumari mmoja kiganjani. "Kesho njoo na khanga ya kufunga kichwa. Sufi ikiingia kwenye nywele haitoki mpaka Pasaka."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Kaa kwanza. Nimewaambia mara elfu, na sasa mnajua ilikotoka.

Miezi ya kwanza hakunipa mkasi. Alinipa wembe na akanifundisha kufumua. Unafumua mshono kwa mshono bila kuchana kitambaa, kwa sababu kitambaa kikuukuu ndicho ramani ya kitambaa kipya. Baadaye akanipa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, na kidole gumba changu cha kushoto bado kina alama zake. Baadaye tena akaniruhusu kukalia mashine, cherehani nyeusi nzito ambayo ilikula turubai kama mbuzi anavyokula majani ya mgomba. Siku ya kwanza kwenye mashine nilishona kiti kizima cha dereva ndani nje. Mzee Rajabu alikigeuza huku na huku. "Kizuri," akasema. "Sasa tutafute dereva atakayekaa ndani yake kama soksi."

Ilikuwa miaka ya ajabu, wanangu. Mimi nilipoanza, kitambaa kizuri kilikuwa kitu cha kusimuliwa. Kisha milango ya biashara ikafunguka. Vitu vikaanza kushuka kutoka njia za mpakani, Tarakea na Himo, nailoni za kila rangi, sponji, gundi zenye maandishi tusiyoyasoma. Mitumba ikamwagika mpaka soko la Memorial likawa kama bahari ya nguo. Na magari! Mashirika yalikuwa yakiuza magari yao machakavu, na watu ambao hawakuwahi kuota kumiliki hata baiskeli wakawa wanasukuma malori mpaka mlangoni kwetu wakiuliza, "Fundi, hili litakalika?"

Hivyo ndivyo ilivyokuja ile pikapu.

Ilikuja Jumatatu, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, wakati ambapo kila Mchaga duniani ana haraka ya kupanda kwao. Ilikuwa ya rangi ya buluu, au iliwahi kuwa. Aliyeiendesha alikuwa mwalimu Deo wa Mkuu, Rombo, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Marehemu baba yake aliinunua chama cha ushirika kilipouza magari, akabebea kahawa mpaka alipofariki.

Nilifungua mlango nikashusha pumzi. Kiti kilikuwa kimoja kirefu, kutoka mlango hadi mlango, na upande wa abiria springi zilikuwa zimetoka kama mbavu. Dari ilining'inia. Dashibodi ilikuwa imepasuka kwa jua mpaka ikafanana na shamba la Januari. Kwenye mlango wa kushoto hadibodi ilikuwa imelowa ikavimba kama mkate kwenye chai. Sakafuni kulikuwa na punje za kahawa zilizoota, kabisa, zimeota, zina majani mawili mawili.

"Mmeanzisha kitalu," nikamwambia.

Deo hakucheka. Aliondoa kofia akaizungusha mikononi. "Dada, mama yangu yuko hospitalini. Alianguka akivuka mfongo, ule mfereji wa shambani, nyonga ikavunjika, wamemfanyia operesheni. Jumamosi anaruhusiwa. Gari tulilonalo ni hili. Fedha niliyonayo ni ya kitambaa tu, na si kitambaa kizuri."

"Si mumlaze nyuma?" nikauliza. "Tandika godoro, weka turubai, mwendo wa pole."

Akanitazama. Nikaona aibu kabla hajajibu, maana na mimi ni mtu wa mlimani, na nilipaswa kujua.

"Nilimwambia hivyo," akasema. "Alinijibu kwamba anayepandishwa mlimani amelala nyuma ya pikapu ni marehemu. Anasema, 'Mimi sijafa. Nitafika kwangu nimekaa, au sitoki hapa wodini.' Na dada, mama yangu akisema hatoki, hatoki."

Ni kweli tupu. Kwetu mtu akifia mjini hurudishwa kwenye kihamba cha ukoo, shamba la migomba la mababu, na mara nyingi ni pikapu inayompandisha, taa zimewashwa mchana, ndugu wamekaa kando ya jeneza. Barabarani watu husimama. Mama huyu alikuwa ameyatazama magari hayo yakipita maisha yake yote. Hakutaka kuwa kwenye moja akiwa na pumzi.

Mzee Rajabu alikuwa amesikia yote. Alimaliza kugongea msumari, kisha akasema bila kunitazama, "Hiyo ni ya kwako, Resti. Peke yako. Kuanzia springi mpaka mshono wa mwisho."

Gari langu la kwanza! Nilitaka kukimbia kuuzunguka mjohoro. Badala yake nilikunja mikono na kusema, "Nitaangalia," kwa sauti ya fundi.

Nilikaa kwanza, kama nilivyofundishwa. Kisha nikawaza, hapa atakayekaa si mimi. Jumanne asubuhi nikachukua futi yangu nikapanda na Deo hospitalini.

Bibi Apolonia alikuwa ameegemea mito, kilemba cheupe kichwani, rozari mkononi, na macho yake yalinipima kabla sijakunjua futi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Deo, umeniletea mtoto wa Komunyo."

"Nina miaka ishirini na mbili, Bibi."

"Mimi nina viatu vyenye miaka hiyo. Pima basi. Usipime kama wale wanaokuja kupima sanduku."

Nikapima huku yeye akichungulia namba. Nikamuuliza, "Bibi, nyumbani unapenda kukaa wapi?"

Uso wake ukabadilika, ukawa laini. "Kwenye kigoda changu, jikoni, karibu na moto. Alikichonga baba yangu kwa mti mmoja, hakina msumari. Nikikaa pale mgongo wangu unanyamaza."

Nilitoka pale nikiruka. Nimepata! Nitamfanyia kigoda ndani ya gari. Kiti chake kitakuwa cha chini, kimemshika pande zote, kama amekaa jikoni kwake na barabara ndiyo inayopita. Sikuwahi kuwa na wazo lililonifurahisha namna ile.

Fedha ya kitambaa nilikwenda nayo Memorial. Ngozi bandia nzuri sikuweza hata kuigusa. Lakini chini ya rundo niliyaona: makoti mawili ya baridi kali, ya sufu ya kondoo, mazito kama mablanketi, moja la kijivu, moja jekundu kama mvinyo, yenye bitana za hariri ndani. Mjini Moshi hayana mtu.

"Dada, unahamia Ulaya?" muuzaji akauliza.

"Ni ya gari."

"Gari lina mafua?"

"Lina wageni wa Krismasi. Punguza."

Akapunguza, nadhani kwa huruma. Yaliyobaki niliyapata bila kununua, na haya yaandikeni mahali. Mipira ya ndani ya matairi nilipewa na mziba pancha jirani. Ukiikata mikanda ukaifuma na kuivuta sana kwenye fremu, ni springi isiyochoma mtu. Magunia ya kahawa Deo alikuwa nayo stoo. Hadibodi ya mlango nilikata kutoka kwenye dari ya ofisi iliyokuwa ikibomolewa mtaa wa pili. Dashibodi sikuifunika, niliziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao, nikasugua na msasa, nikapaka rangi nyeusi ya viatu tabaka tatu, nikaing'arisha kwa kitambaa mpaka Mzee Rajabu akaiweka sawa kofia yake akijiangalia humo. Bitana za makoti zikawa dari. Mche mmoja wa ile kahawa iliyoota niliupanda kwenye kopo, kwa heshima.

Halafu nikachukua msumeno wa chuma nikaigawa fremu katikati, nikakata miguu ya upande wa abiria, nikaushusha upande huo vidole vinne.

Alhamisi jioni kilikuwa kimekamilika. Kijivu upande wa dereva, nyekundu upande wa Bibi, mshono mweupe katikati umenyooka kama reli. Na mfuko mmoja wa koti sikuufumua. Niliuacha ulivyo, kwenye ubavu wa kiti karibu na mlango, na kifungo chake cha mfupa, ili aweke rozari yake. Deo alipouona mfuko ule alifungua kifungo chake, akakifunga tena. Mimi nilijiona nimefika mbinguni na nimepewa cherehani.

Ijumaa asubuhi tulipeleka pikapu hospitalini kujaribu. Nesi wa zamu, mwanamke mfupi mwenye saa kifuani, alitoka barazani. Akafungua mlango, akabonyeza kiti, akainama akaangalia miguu ilivyokatwa.

"Nani ametengeneza?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

"Kizuri sana," akasema. "Hatakikalia."

Nilidhani anatania. Akanishika mkono, akanikalisha mwenyewe, akaonyesha magoti yangu yaliyosimama juu kama ya panzi. "Unaona? Magoti yamepita nyonga. Mgonjwa huyu akikaa hivi, na barabara ile ya Rombo, kile walichomfungia kinaweza kuhama. Nyonga iwe juu, magoti yawe chini, mgongo ulale kidogo. Na pagumu. Si pa kuzama."

"Lakini anapenda kigoda," nikasema, sauti imekuwa ya mtoto wa Komunyo kweli.

"Kigoda amekiaga. Hakuna aliyekwambia?"

Hakuna, kwa sababu sikuuliza. Nilimuuliza Bibi anapenda nini, sikumuuliza mtu nyonga inataka nini. Na miguu ya fremu ilikuwa imekatwa, na kesho asubuhi anatoka, na ndani ya wodi alikuwa amelala mwanamke aliyesema atapanda amekaa au hapandi.

"Nesi," nikamwambia, "nionyeshe ni juu kiasi gani."

Mungu ambariki yule mwanamke. Alimkalisha Bibi taratibu kwenye kiti cha wodi, akakunja mablanketi akamwekea chini, moja, la pili, akalitoa, akaliweka lililo jembamba, mpaka akasema, "Hapo." Nikapima kutoka sakafuni. Inchi kumi na tisa. Bibi alikuwa akinitazama kutoka juu.

"Umekosea?" akauliza.

"Nimekosea, Bibi."

"Sana?"

"Vidole vinne kwa upande usiotakiwa."

"Kesho baada ya kifungua kinywa nitakuwa nimevaa," akasema, na hilo ndilo lilikuwa karipio lake lote.

Mzee Rajabu aliposikia alikaa chini akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Nyie watu wa mlimani! Mnakaa chini kama kuku anayeatamia, halafu mnashangaa magoti yana nini." Kisha akaacha kucheka, akachukua wembe wake mwenyewe, ule wenye mpini wa pembe ambao hajawahi kumpa mtu, akauweka kiganjani mwangu. "Fumua."

Wanangu, siku ile! Nilifumua kazi ya siku tatu kwa muda wa kuchemsha chai. Jirani seremala akatuuzia mbao mbili za mgrivelia kwa ahadi ya kumshonea kochi. Nilijenga sanduku juu ya fremu iliyokatwa nikalifunga kwa boliti. Lakini Bibi alikuwa mrefu, na nikipandisha kiti mno kichwa chake kitagonga dari kila shimo. Nikapima, nikafuta, nikapima. Nikateremsha sakafu ya miguu kwa kung'oa ubao wa zamani na kuweka mkeka wa mpira mwembamba. Nikaondoa bitana upande ule, dari ikabaki bati tupu lililopakwa rangi. Kila upana wa kidole niliouiba ulinipa shangwe ya mwizi.

Mzee Rajabu alikwenda kuswali Ijumaa, akarudi, akavua kanzu yake nyeupe, akaitundika mjohoroni, akashika mikanda ya mpira akaivuta kwa uzito wake wote huku nikigongea. Juu ya mikanda nikaweka magunia ya kahawa, nikayakunja, nikayapitisha shazia, tabaka juu ya tabaka, juu zaidi nyuma, chini zaidi mbele, mpaka yakawa magumu kama udongo uliokanyagwa na bado yana uhai ukiyabonyeza. Sufi sikutumia hata chembe. Koti jekundu likarudi juu, limechoka kidogo, limeshonwa mara mbili. Mkanda wa koti nikaufunga juu ya mlango uwe wa kujishikilia. Mfuko ulibaki mahali pake.

Jua lilikuwa bado juu ya mabati tulipokata uzi wa mwisho. Mzee Rajabu akaingia akakaa. Akafumba macho. Nje nilikuwa nimesimama nimeshika shazia kama mshumaa.

"Makalio yameona nini, mzee?" nikauliza.

"Yameona," akasema, "kwamba sasa naweza kustaafu."

Hakustaafu. Aliendelea miaka kumi na moja. Lakini alisema.

Jumamosi asubuhi Bibi alitoka kwa magongo, amevaa gauni la maua na sweta, nesi upande mmoja, Deo upande wa pili. Wakamgeuza, akakaa, wakaingiza miguu pamoja. Nesi akainama akatazama magoti. Akainua kidole gumba. Bibi akajisogeza kidogo, akaona mfuko, akafungua kifungo, akaweka rozari. Alipiga tu kiti kofi dogo, kama unavyompiga ng'ombe mzuri sokoni.

"Na fundi aje," akasema. "Kikinitupa nataka nimwone wa kumlaumu."

Basi nikapanda nyuma. Nilikaa juu ya gunia, na kando yangu kulikuwa na magongo, godoro la hospitali na mablanketi, vyote virefu, vyote vimefunikwa turubai kwa ajili ya vumbi. Hatukufikiri kitu.

Mpaka Himo na Marangu ilikuwa lami, na niliimba. Baada ya hapo barabara ya vumbi ya Rombo ikaanza, mashimo na mawe, na Deo akapunguza mwendo mpaka mbuzi wakatupita. Halafu ukungu ukashuka kutoka msituni, mzito, na Deo akawasha taa. Magari ya watu wa Dar waliokuwa wakipanda kwa Krismasi yalikuwa nyuma yetu, na barabara haikuwa na pa kupita, nao wakawasha taa. Nikaona mtu wa baiskeli akishuka kwenye baiskeli yake. Akavua kofia. Akafanya ishara ya msalaba.

Ndipo nikaelewa. Pikapu ya pole pole, taa zimewashwa mchana, msururu wa magari nyuma, kitu kirefu chini ya turubai, na msichana mwenye kitambaa kichwani amekaa kando yake. Nikaanza kumpungia yule mtu kwamba hapana, hapana, naye akadhani namwita kwa uchungu, akaanza kutufuata kwa miguu.

Kioo cha dirisha la Bibi kikashuka. "Wewe! Unamvulia nani kofia?"

Yule mtu akasimama. "Shikamoo Bibi... nilidhani..."

"Marahaba. Ulidhani nini? Vaa kofia yako, kuna baridi!"

Lakini habari ilikuwa imetutangulia kwa njia ambayo habari hupanda mlimani. Tulipofika sokoni Mkuu akina mama walikuwa wamesimama pembeni na vikapu vyao. Waliijua pikapu ile. Walijua mwenye pikapu yuko hospitalini. Mmoja akaweka mikono kichwani akalia kwa sauti, "Apolonia wetu! Apolonia ametuacha!" na wengine wakampokea, kilio kikapanda, ndizi zikaanguka. Deo akasimamisha gari katikati kwa sababu hakuna aliyetupisha.

Mlango wa kushoto ukafunguliwa. Wakamwona Bibi amekaa juu, mgongo umenyooka, mkono mmoja kwenye mkanda wa koti, kwenye kiti chekundu kama cha askofu.

"Nani kafa?" akauliza.

Yule wa kwanza kulia alishusha mikono polepole.

"Wewe Veronika," Bibi akasema, "bado una sufuria yangu. Ulikuwa unanililia mimi au ulikuwa unafurahi sufuria imebaki?"

Nimesikia kelele nyingi maishani, lakini vigelegele vile vilivyopasuka pale Mkuu sijavisikia tena. Walicheka, walilia, walipiga bodi ya pikapu kwa viganja, wakamshika miguu, wakamshika sweta, wengine wakaja nyuma kuinua turubai wahakikishe, wakakuta godoro, wakanikuta mimi nalia kuliko wote. Bibi alikataa mlango ufungwe. Akataka kila mtu amwone amekaa. Tulipita soko lile hatua kwa hatua, magari ya Dar yakipiga honi, na ndani ya ule msururu hakukuwa tena na hata kofia moja iliyovuliwa.

Nyumbani kwake, kati ya migomba, wajukuu walikuwa wamepanga mstari. Alishushwa kwa heshima, akakalishwa kwenye kiti kirefu chenye mito, akapewa bakuli la mtori wa ndizi. Alikula kidogo akamwita mjukuu, akamtuma jikoni. Akarudi na kigoda. Cheusi kwa moshi, kimeng'aa katikati kwa miaka ya kukaliwa, miguu mitatu, hakina msumari.

Bibi alikipakata mapajani.

"Nesi amesema nisikikalie tena," akaniambia. "Deo akikikalia atavunja kiuno. Na wewe umekata gari la watu kwa ajili yake kabla hata hujakiona. Kichukue."

"Bibi, siwezi."

"Utaweza. Kaa kwanza."

Hakuwa amemwona Mzee Rajabu hata mara moja. Nikakaa. Na mgongo wangu, ambao wiki nzima ulikuwa ukipiga kelele, ukanyamaza.

Bibi Apolonia alipanda na kushuka mbele ya pikapu ile miaka tisa zaidi, misa, soko, na harusi za wajukuu. Kiti nilikirudia mara moja tu, mshono wa pembeni. Alipofariki alifia kitandani kwake, akazikwa hatua chache nyuma ya jiko lake. Nyuma ya gari hakulala hata siku moja. Rozari Deo aliikuta kwenye mfuko wa koti, kifungo kimefungwa.

Hicho ndicho kigoda kilicho chini ya mashine, mnachokigombania saa ya chai na kuniuliza kila mara kwa nini hakipakwi vanishi. Mzee Rajabu alinikuta nacho Jumatatu ile, akasema nimekuwa kuku kamili. Nimekikalia mpaka Ijumaa iliyopita. Sasa daktari wangu naye ameanza habari za magoti na nyonga, akanionyesha kwa kidole, na nilicheka mbele yake mpaka akaniuliza kama niko sawa.

Niko sawa. Kikalieni. Ila wa kwanza kukikalia anieleze, siku nikipita, makalio yake yameona nini.